MREJESHO: Sanamu ya anime, kiwiko kimepona, nyonga nusu nusu

Wadau, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu sanamu yangu ya anime (katuni za Kijapani) ya viungo vinavyokunjika, ya sentimita 15, niliyoinunua mkononi kwa mtu: kiwiko cha kulia kimegoma, nyonga zimelegea, na nilihofia ni feki.

Kiwiko kwanza. Nilifuata ushauri wa maji ya moto yasiyochemka, nikauzamisha mkono wa sanamu kama dakika moja. Plastiki ikalainika. Nikakunja taratibu, vidole vikiwa karibu kabisa na pini inayoshika kiungo. Ikasikika "tk", roho ikaniruka, kumbe ni rangi iliyokuwa imegandisha kiungo. Sasa ngumi inakaribia kugusa bega! Mdau ulienionya nisilazimishe kikiwa kikavu, Mungu akubariki, ningeikata ile pini.

Nyonga nilichomoa, nikapaka supagluu nyembamba kwenye gololi ya kiungo, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Msirudishe ikiwa mbichi, itagandana. Kushoto imekaza vizuri. Kulia nimerudia mara mbili na bado inateleza; nadhani tundu lenyewe linaloshika gololi limepanuka. Mikao ya kuruka natumia stendi.

Kuhusu feki, niliangalia macho kwa kioo cha kukuzia kama mlivyosema. Mistari imechapwa safi, haijavuja hata kwenye kope. Naamini ni halisi, nami siiuzi tena.

Asanteni sana nyote. Mwenye dawa ya tundu lililopanuka, bado nasikiliza.