Uzi wa malalamiko: Tumechoka kuuziwa chupa za "mbolea ya maua ya ndani" zisizo na namba

Wakuu, heshima kwenu. Leo mnivumilie, maana haya mambo yamenifika kooni.

Chupa iko hapa mezani. Mbele ina picha ya monstera yenye majani yanayong'aa, imeandikwa "chakula kamili cha mimea ya ndani", chini yake "asilia", chini yake tena "matokeo ya haraka". Nimeigeuza nyuma, nimeigeuza ubavuni, nimetazama hadi kwenye kitako. Hakuna namba hata moja. Maelekezo yote ni mstari mmoja: weka vizibo viwili kila wiki. Vizibo viwili kwenye maji kiasi gani? Chungu cha ukubwa gani? Kila wiki hadi lini, hata kama mmea umesimama hautoi jani jipya? Kimya. Shangazi yangu ameuziwa hii kwa maneno matamu, akahakikishiwa kwamba majani ya njano yatakwisha.

Hivi unamuuziaje mtu mbolea bila kumwambia ndani mna nini?

Mbolea ni namba tatu, N-P-K. Ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni kwa uzito, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Katika nchi nyingi hizo mbili za mwisho huhesabiwa kama oksidi, yaani pamoja na uzito wa oksijeni iliyoungana nayo, kwa hiyo fosforasi yenyewe ni kama asilimia 44 ya namba iliyoandikwa, na potasiamu ni asilimia 83. Ukishajua namba tatu unaweza kupiga hesabu, kulinganisha chupa mbili, kujua upunguze makali kiasi gani. Bila hizo namba umenunua maji yenye rangi kwa imani tu.

Kwa mimea ya majani, ambayo ndiyo wengi tunayofuga ndani, uwiano unaofaa ni 3-1-2 au karibu na hapo. Mfuko ulioandikwa 24-8-16 ni uwiano huohuo, ila una nguvu zaidi, basi unaweka kidogo zaidi. Kwisha. Lakini nenda madukani uone: chupa ya monstera, chupa ya kangaga, chupa ya okidi, chupa ya kaktasi, kila moja na bei yake. Zile zenye namba ukizisoma unakuta uwiano unafanana au unakaribiana sana. Kinachotofautisha okidi na monstera kwenye lishe ni zaidi makali ya mchanganyiko na mara ngapi unaweka. Kaktasi anataka kidogo na mara chache. Hilo lingeandikwa kwenye lebo moja, mteja akanunua chupa moja, akaenda zake nyumbani.

Na hizi za "kuchochea maua", 10-52-10 na ndugu zake, ndizo zinazonikera kuliko zote. Mmea unahitaji fosforasi kidogo sana ukilinganisha na nitrojeni. Ukiijaza kwenye chungu inazuia mizizi kuchukua madini ya chuma na zinki, halafu majani mapya yanatoka yamepauka, halafu unarudi dukani kuuliza, halafu unauziwa chupa nyingine! Mmea usiotoa maua ndani ya nyumba mara nyingi umekosa mwanga wa kutosha. Muuzaji anajua hivyo, ila mwanga hauuzwi kwenye chupa.

Sasa niwageukie na nyie mnaojibu kila swali la jani la njano kwa "weka yurea kijiko kimoja, utakuja kunishukuru". Jamani! Yurea ni 46-0-0, mbolea ya kukuzia shambani, ambako mizizi ina udongo wa kukimbilia na mvua inasomba kinachozidi. Kijiko cha chai kina chini kidogo ya gramu 4, yaani nitrojeni kama gramu 1.7. Uikoroge kwenye lita moja ya maji umepata miligramu 1,700 kwa lita. Wakulima wa maua kwenye vitalu wanaolisha mimea ya majani kila wanapomwagilia hukaa kwenye miligramu 100 hadi 200 kwa lita. Mnamshauri mtu asiyejua aweke mara nane au zaidi ya hapo, kwenye kichungu kinachoenea kiganjani! Yurea ikivunjika hutoa amonia, na amonia ikizidi mahali padogo hivyo inaua ncha za mizizi. DAP nayo ni 18-46-0, ya kupandia shambani, sijui nani aliianzisha hadithi ya kuiweka kwenye maua ya sebuleni.

Narudi kwa shangazi, maana mmea wenyewe nimeuona. Ni drasena. Ncha za majani zimekauka kahawia, kama zimepitishiwa kiberiti, na kati ya kahawia na kijani kuna ukanda mwembamba wa njano. Ukingo wa ndani wa chungu una ukoko mweupe, ukikwaruza kwa ukucha unabanduka kama chokaa. Hiyo ni chumvi ya mbolea na ya maji iliyorundikana. Nikautoa kwenye chungu. Mizizi ya chini imekuwa kahawia, ukiivuta ganda linavuka kama soksi, unabaki na uzi mkononi, na harufu yake ni ya kitu kilichooza. Chungu chake kilikuwa kimetumbukizwa ndani ya chungu cha mapambo kisicho na tundu, na huko chini maji yamesimama.

Yaani tatizo lilikuwa maji tangu mwanzo. Mizizi ilikuwa inakosa hewa na kuoza, majani yakawa njano, mtu akaenda kuomba ushauri, akapewa mbolea. Ni sawa na kumshindilia chakula mgonjwa anayetapika. Muuzaji hakuuliza hata swali moja. Hakuuliza chungu kina tundu, hakuuliza udongo una unyevu kiasi gani, hakuuliza mmea umekaa wapi. Angeuliza asingeuza, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, zamisha kidole kwenye udongo. Umelowa na majani ya chini ni ya njano na yamelegea? Acha mbolea, shughulika na maji. Udongo uko sawa na njano inaanzia kwenye majani ya zamani, jani zima likififia taratibu? Hapo kweli inaweza kuwa nitrojeni, kwa sababu mmea ukipungukiwa huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda mapya. Njano iko kwenye majani machanga na vishipa vimebaki kijani? Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma, na mara nyingi chuma kimo ila maji yako yana chokaa nyingi, yanakifungia udongoni. Hapo hata umwage nitrojeni ndoo nzima hutibu kitu. Majani ya zamani yamekuwa njano katikati ya vishipa tu? Fikiria magnesiamu. Chumvi ya Epsom itakusaidia kwenye hilo la mwisho peke yake, kwa sababu ni salfeti ya magnesiamu, haina nitrojeni wala potasiamu. Wanaoiuza kama dawa ya kila kitu waache.

Mwanga nao. Carl Sprengel, mtaalamu wa kemia ya kilimo, alishasema Ujerumani mwaka 1828, na mkemia mwenzake Justus von Liebig akalieneza baadaye, kwamba ukuaji wa mmea unabanwa na kile kilichopungua kuliko vyote, na kuongeza vingine hakusaidii. Wao walizungumzia madini ya udongoni, lakini kwenye kona ya chumba, kitu kilichopungua kuliko vyote ni mwanga. Mmea uliokaa mita kadhaa kutoka dirishani unakua polepole sana, unatumia madini kidogo sana, na kila kizibo unachoongeza kinabaki chunguni kama chumvi. Usogeze karibu na dirisha kwanza, uone kama hautatoa jani bila hata tone la mbolea.

Maganda ya ndizi, maganda ya mayai, masimbi ya kahawa: sina ugomvi na mboji, nina ugomvi na mnaoyatupia mabichi juu ya udongo ndani ya nyumba. Hayalishi mmea mpaka yaoze, na yakioza sebuleni yanaleta ukungu na vile vinzi vidogo vyeusi. Ganda la yai ni kalsiamu kabonati, linayeyuka kwa mwendo wa konokono. Yaozesheni nje kwanza, mkishapata mboji iliyoiva changanyeni kidogo kwenye udongo wakati wa kuhamisha mmea.

Mmea mpya kutoka kitaluni mara nyingi unakuja na punje za mbolea zimeshachanganywa kwenye udongo, vile viduara vya njano au vya kijani ambavyo watu hudhani ni mayai ya wadudu. Vinatoa lishe polepole kwa miezi kadhaa. Muuzaji anayekupa mmea wa hivyo na chupa juu yake anakuuzia mara mbili. Na hakuna anayemwambia mteja amwagilie kwanza udongo uliokauka kabla ya kuweka mbolea, au akiona ukoko mweupe apitishe maji safi kama mara mbili ya ujazo wa chungu, yatoke yote kwa chini.

Wauzaji mmo humu, najua mnasoma. Wekeni hapa picha ya upande wa nyuma wa lebo zenu: namba tatu zionekane, nitrojeni imetoka kwenye nini, na mililita ngapi kwa lita. Asiyeweza kuonyesha hivyo aache kutangaza bidhaa yake kwenye nyuzi za watu wanaoomba msaada. Na mliowahi kuuziwa chupa za aina hii, pigeni picha ya lebo mlete hapa, funikeni jina la duka tu, tuzisome pamoja.