Mtoto wa miaka minne hataki kushika penseli: tumsukume au tumwache?

Mama Kitindamimba ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu wa mwisho ametimiza miaka minne na miezi miwili. Binamu yake, ambaye wamepishana wiki tatu tu kuzaliwa, tayari anaandika jina lake lote, ilhali wangu nikimpa penseli huikamata kwa ngumi kama mtu aliyeshika mchi, huchora mistari miwili mitatu ya kwenda na kurudi, kisha huitupa na kukimbilia nje. Nimejaribu kumshika mkono na kumwongoza herufi moja baada ya nyingine, nikaambulia kilio, na juzi nilipokuwa nikitandika kitanda nilikuta penseli mbili amezificha chini ya godoro.

Jambo la pili ni chakula. Alipokuwa na mwaka mmoja alikuwa mlaji hodari, lakini siku hizi anakula vijiko vichache na kusema ameshiba. Bibi yake anasema nimemdekeza na kwamba mtoto asiyesukumwa sasa atabaki nyuma daima. Naomba ushauri: je, haya mawili ni dalili za kuchelewa kukua, au mimi ndiye niliye na haraka?

Mwalimu wa Chekechea amejibu:

Mama, nimefundisha watoto wa umri huo kwa miaka mingi, na hao wanaoficha penseli ni wengi kuliko unavyodhani. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka mitatu hivi, alama ya msalaba akikaribia minne, mraba kati ya minne na mitano, na pembetatu akiwa na mitano hivi. Herufi nyingi zimeundwa kwa mistari ya mshazari na mikunjo inayokutana, kwa hiyo kumdai aandike jina kabla hajaweza mraba ni kumdai ngazi ya juu kabla ya ile ya chini. Binamu anayeandika mapema amejaliwa tu kufika huko kabla ya wenzake, na hilo halimpunguzii mwanao chochote.

Tena kuna sababu iliyo ndani ya mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, lakini kwa mtoto wa miaka minne kadhaa kati ya hiyo bado ni gegedu, yaani kitu laini ambacho hakijawa mfupa mgumu. Vilevile, uwezo wa kuutawala mkono huanzia begani, ukashuka kwenye kiwiko, ukafika kwenye kifundo, na vidole huja mwisho. Ndiyo maana mtoto anayekwea, kuning'inia, kusukuma ndoo yenye maji na kufinyanga udongo anajiandaa kuandika, ingawa kwa macho ya bibi anacheza tu.

Fanya jambo moja dogo: vunja kalamu za rangi ziwe vipande vifupi vya urefu wa kidole gumba chako kuanzia kwenye kiungo cha kati cha kidole hicho hadi kwenye ukucha. Kipande kifupi namna hiyo hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi, kwa hiyo vidole vyenyewe vitajipanga bila wewe kusema neno. Na tafadhali usimshike mkono tena. Mkono ulioshikwa hulegea na kumwachia mwenye kuushika kazi yote.

Muuguzi wa Kliniki ya Watoto amejibu:

Nitajibu la chakula, maana ndilo ninaloulizwa kila siku. Mtoto mchanga huongeza uzito mara tatu hivi katika mwaka wake wa kwanza, lakini kati ya miaka miwili na mitano huongeza takriban kilo 2 tu kwa mwaka, na kimo kiasi cha sentimita 6 hadi 8. Mwili unaokua polepole zaidi hauhitaji chakula kwa kasi ile ile, na hamu ya kula hupungua kulingana na hali hiyo. Mzazi aamue kinacholiwa na saa ya kula. Mtoto aamue kiasi. Kumlisha kwa nguvu, au kumwahidi kitu kitamu akimaliza sahani, humfundisha kutosikiliza tumbo lake. Kinachonishughulisha mimi si sahani ya siku moja bali mstari kwenye kadi yake ya ukuaji: ukiendelea kupanda sambamba na mikondo iliyochapishwa, tulia, ukilala au kushuka kwa vipimo vinavyofuatana, njoo.

Kuhusu usingizi na michezo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha usingizi wa mchana, awe katika mwendo kwa muda usiopungua saa 3, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1.

Mambo ya kumpeleka kwa mtaalamu bila kungoja ni haya: kupoteza maneno au uwezo aliokuwa nao, kutoeleweka na wageni anapozungumza, kutogeuka anapoitwa, au kutocheza kabisa michezo ya kuigiza. Penseli haimo.

Baba Pacha amejibu:

Naafikiana na waliotangulia, ila neno "tumwache" lililo kwenye kichwa cha habari linanitia wasiwasi, kwa sababu kuacha kusukuma si sawa na kuondoka. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kuna eneo kati ya lile ambalo mtoto analiweza peke yake na lile analoliweza akisaidiwa, na kwamba msaada wenye faida ni ule unaoangukia hapo. Wanangu walipokuwa wakijifunza vifungo vya shati, nilikuwa nikipitisha kifungo hadi nusu ya tundu na kuwaachia nusu ya pili waivute wenyewe. Baada ya siku chache nilipunguza hadi robo. Siku moja mmoja aliuondoa mkono wangu kwa hasira akisema, "Baba, hiki ni changu," nami nikarudi nyuma hatua moja, ingawa tulikuwa tumechelewa kutoka na shati lilifungwa pande zisizolingana.

Mama Kitindamimba:

Nawashukuru nyote. Jana nilivunja kalamu za rangi na kuziacha mezani bila kumwita. Alizizungukia kwanza, akachukua ile ya buluu kwa vidole vitatu, akachora mduara mkubwa wenye miguu minne inayotoka kichwani, akaniambia ni bibi. Bibi mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Chakula kimebaki vijiko vilevile, nami sikusema kitu. Mwalimu, nataka pia nimbandikie karatasi ukutani: niiweke kimo gani?

Mwalimu wa Chekechea:

Kimo cha macho yake akiwa amesimama, ili mkono upande kidogo na kifundo kikunjike kuelekea nyuma, kama tunavyokikunja sisi tunapoandika. Na iwe karatasi kubwa, Mama, la sivyo bibi atapata miguu ukutani.