Je, maada ya ulimwengu imeelemea upande mmoja?

Mdadisi wa Anga
Wanajamvi, salaam. Tunafundishwa kwamba ukiutazama ulimwengu kwa mapana ya kutosha, yaani kupita miaka-nuru milioni mia kadhaa, galaksi zimetawanyika kwa usawa pande zote. Mbona basi hesabu ya kwasa, vile vitovu ang'avu vya galaksi za mbali, iliyotolewa mwaka 2021 ilikuta nyingi zaidi upande mmoja wa anga?

Darubini
Ndugu Mdadisi, sehemu ya tofauti hiyo ilitarajiwa. Mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wenye jotoridi la kelvini 2.725, una joto zaidi kidogo upande wa kundinyota la Simba, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Jua linaelekea huko kwa kasi ya takribani kilomita 370 kwa sekunde. Mwaka 1984 George Ellis na John Baldwin walionyesha kwamba mwendo huo lazima ujitokeze pia katika idadi: mwanga unaotoka mbele yetu huongezeka nguvu, hivyo vyanzo hafifu ambavyo visingeonekana huingia katika hesabu, na nafasi zake angani husogeleana kuelekea tunakokwenda. Kinachotatiza ni kwamba kwasa zipatazo milioni 1.36, zilizoteuliwa kutokana na picha za setilaiti ya WISE, zilitoa ziada inayozidi mara mbili ile iliyotarajiwa, ingawa mwelekeo wake hauko mbali na ule wa mnururisho.

Mpimaji
Naomba tuwe waangalifu. Ziada yenyewe haifiki hata asilimia mbili, na vumbi la galaksi yetu, au setilaiti kupiga picha maeneo fulani mara nyingi kuliko mengine, vinaweza kuzaa tofauti ya kiwango hicho. Watafiti waliliondoa eneo la ukanda wa galaksi yetu na kufanya masahihisho mengine, lakini binafsi ningependa kuona chombo tofauti kabisa kikitoa jibu lilelile.

Mdadisi wa Anga
Ahsanteni. Je, haiwezi kuwa ni Laniakea, lile kundi kuu la galaksi tulimo?

Darubini
Sidhani. Laniakea ina upana wa miaka-nuru milioni 500 hivi, ilhali nyingi ya kwasa hizo ziko mabilioni ya miaka-nuru kutoka hapa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuzigawa kwa umbali: mwendo wetu utagusa kila tabaka, lakini rundo halisi la maada litajitokeza katika umbali fulani tu. Darubini ya Euclid, iliyorushwa mwaka 2023, inakusanya takwimu zinazofaa kwa kazi hiyo.