Mrejesho: Kumpeleka kila mtumiaji kwenye ukurasa wake akishaingia (Django, zana ya kujenga tovuti kwa Python)

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje ili mwalimu, mzazi na mhasibu wa shule kila mmoja afike kwenye ukurasa wake akishaingia, maana wote walikuwa wanatua kwenye anwani moja ya LOGIN_REDIRECT_URL (mpangilio wa Django unaosema mtu aende wapi akishaingia).

Nilianza na ushauri wa kurithi LoginView (darasa la Django linaloshughulikia kuingia) na kuandika upya get_success_url, sehemu yake inayoamua mtu apelekwe wapi, kwa kuangalia kundi la mtumiaji. Ilikubali, ila mzazi aliyebofya kiungo cha matokeo kabla ya kuingia alipelekwa kwenye ukurasa wake badala ya matokeo, kwa sababu nilikuwa nimeua kazi ya next (anwani ya ukurasa ambao mtu aliutaka kabla ya kuingia). Mkuu uliyesema nihamishie mistari ileile kwenye get_default_redirect_url, inayotumika pale tu next haipo, Mungu akubariki. Sasa next inaangaliwa kwanza, kundi baadaye.

Na mlionya kuwa kuelekeza si kulinda. Kweli kabisa, mzazi aliweza kuandika anwani ya mhasibu na ikafunguka! Nimeweka UserPassesTestMixin (kipande cha Django kinachomkagua mtumiaji kabla ya kumfungulia ukurasa) kwenye kurasa zote, sasa anakutana na 403, yaani ujumbe wa kukatazwa.

Kilichonishinda: mwalimu ambaye pia ni mzazi bado anapelekwa upande wa ualimu tu. Ukurasa wa kuchagua haujakaa sawa, kwa hiyo nimemwekea kiungo cha kuhamia upande wa pili. Asanteni sana.