Waliobomokewa wajengewe nyumba za kudumu au kila mtu ajijengee?

Habari zenu wadau, hasa wa huku kusini. Familia ikipoteza nyumba kwa mafuriko, serikali iishie kwenye unga, magodoro na turubai, au iwajengee kabisa? Nauliza sababu tetemeko la Kagera 2016, marehemu Magufuli aliwaambia watu palepale Bukoba kwamba serikali haitawajengea. Halafu Desemba 2023 yakaja maporomoko ya Hanang, safari hii serikali ikajenga, nyumba zaidi ya 100 za tofali na bati, watu wakakabidhiwa. Sasa sisi Lindi na Mtwara tuko fungu lipi? Kilwa Januari 2020 maji yamesomba nyumba, Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja barabara ikakatika Somanga tukawa kisiwani kama watu wa Mafia. Mi nasema wajengewe.

Wa Masasi: Mkuu napinga. Si ndo kodi yetu hiyohiyo? Nyumba yangu nimejenga kwa korosho, msimu wa 2018 malipo yamechelewa nikasimama kwenye linta miezi kibao na hakuna aliyekuja kuniuliza nalala wapi. Ukianza kujengea watu, kesho wote wanahamia bondeni wanasubiri mvua.

Wa Kilwa: Wewe wa Masasi uko juu huko ndo maana unaongea hivyo. Nani akae na watoto bondeni makusudi asombwe apate bati? Bonde la Matandu watu wanafuata udongo, mpunga unakubali, ufuta unakubali. Ndo maana hata hizo nyumba ukizijenga mbali na mashamba, mvua zikikata tu mtu anarudi bondeni, nyumba anaachia mbuzi. Anzeni na kiwanja, kiwe juu, kiwe na hati, na shamba alifikie kwa baiskeli.

Wa Lindi mjini: Naona mnaongelea wenye nyumba tu. Mie nilikuwa napanga chumba na wanangu watatu, ukuta ukaanguka usiku, walipokuja kuandika orodha kaandikwa baba mwenye nyumba, mie nikaambiwa wewe hujabomokewa. Kweli nyumba sio yangu, ila magodoro yaliyoloa yalikuwa ya nani? Mpaka leo tuko koridoni kwa dada yangu, na shemeji ameshaanza kununa.

Wa Masasi: Pole sana dada, hapo sina la kujibu. Ila nyumba nzima bado nakataa, wapewe bati na saruji basi, tofali watafyatua wenyewe.

Mleta mada: Na fundi je, nani anamlipa? Bibi mwenye miaka 70 apande mwenyewe kupaua? Bibi yangu mimi alikuwa anahadithia kimbunga cha 1952 hapa Lindi, paa liliondoka lote, lakini makuti yalikuwa ya bure na kijiji kilikuja kusuka na kuezeka, siku chache wako ndani. Sasa hivi mbao hela, misumari hela, na hao majirani wa kuja kukusaidia nao wako kwenye turubai.

Wa Masasi: Haya, na fundi alipwe. Umenivuta kidogo lakini usitangaze ushindi.

Wa Lindi mjini: Sawa, mmekubaliana bati na fundi. Sasa mie bati naliezeka wapi kaka zangu? Nimemuuliza mtendaji kama wakipita tena wapangaji tutaandikwa, kaniambia fomu haina hiyo sehemu.