Naomba ushauri: Wajerumani wangu na neno "actual"

Habari zenu wakuu. Naishi Leipzig, jioni nafundisha Kiingereza watu wazima, wote Wajerumani. Kuna neno linanitoa jasho: "actual". Kwao "aktuell" ni kitu cha sasa hivi, basi wakikutana na hili la Kiingereza wanalibeba na maana ileile.

Juzi mama mmoja mwenye duka la maua aliniletea barua ya wateja nimrekebishie: "Please find our actual prices." Alimaanisha bei za sasa. Mwingereza akisoma atajiuliza, kumbe zile za mwanzo zilikuwa za uongo? Nilicheka, naye akanuna kidogo.

Nimewaambia "ya sasa" ni "current", na "actual" waiache kwa kitu halisi, kile wanachokiita "tatsächlich". Kwenye zoezi wanapatia. Wakianza kuongea haraka tu, "my actual job" inarudi, na kuikamata ni kazi maana sarufi yake haina kosa.

Walimu mliopo, mnatumia mbinu gani? Nilifikiria kuwapa sentensi za kutafsiri kutoka Kijerumani, ila nahisi huko ndiko kunakowaharibu.