Tupeane uzoefu: Kamba au kiki ilikuokoaje siku betri ilipogoma? (Nyanda za Juu Kusini)

Mzee wa Mipaina, Mafinga
Kamwene wakuu. Kazi yangu ni kuzungukia mashamba ya miti, na chombo ni kwadi, ile pikipiki ya matairi manne. Tajiri anataka kuongeza ya pili. Dukani wamemwambia kamba ya kuvuta kuwashia injini imepitwa na wakati, siku hizi ni kubonyeza tu. Mimi nimemwambia kama haina kamba aiache hapohapo.

Juni na Julai huku asubuhi majani ni meupe kwa barafu. Betri inazubaa, oili inakuwa nzito, stata inalia tik tik, basi. Na kwadi hii ni ya mkanda, haina gia za kukanyaga kama boda. Klachi yake inashika injini ikishazunguka yenyewe, kwa hiyo hata muisukume hadi Makambako haiwaki. Uko katikati ya msitu, mtandao hamna, kiangazi cha moto kinakuja na barabara za kuzuia moto zinataka kukaguliwa. Bila kamba unatembea.

Wa kwadi, boda, pawatila, jenereta, leteni yenu.

Boda wa Makete
Sisi huku hatuna mjadala. Pikipiki ikilala nje, asubuhi hakuna kugusa stata. Fungua mafuta, vuta choki, piga kiki kadhaa swichi ikiwa imezimwa ili oili ilegee, ndipo uwashe swichi na kupiga ya kweli. Vijana wanaobonyeza mpaka taa zinafifia ndio haohao wanaoomba kusukumwa, na abiria wa Matamba kashapanda ya mwenzao. Ila tunawazidi nyie wa kwadi: tuna gia. Mteremko, gia ya pili, achia klachi. Na Makete miteremko hatununui.

Mkulima Usangu
Pawatila yangu haina stata kabisa, ni hendeli. Unainua kile kikono cha kuachia upepo, unazungusha mpaka ichanganye, unakishusha. Dizeli haina plagi, betri hainihusu. Onyo moja kwa wageni: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Ikirudisha, inavunja mkono. Nimeshuhudia kwa jirani.

Mama Parachichi, Njombe
Jamani na sisi wenye bega bovu? Ile kamba mimi siiwezi, nikiivuta inanivuta. Nimeamua kuitunza betri. Ikishapumzika usiku naipima, ikiwa imejaa inasoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12 najua kesho kuna kilio, naiweka kwenye chaja mapema. Mashine isiyotumika wiki nzima natoa waya wa hasi.

Fundi Mwanjelwa
Mama yuko sahihi, na wengine ngoja niwapunguzie sherehe. Kamba inazungusha injini, haileti umeme wa betri. Jiulize cheche na mafuta vinatoka wapi. Mashine ya kabureta ambayo CDI yake (kile kiboksi cha kutoa cheche) inalishwa na koili ya sumaku, yaani umeme wa injini yenyewe ikizunguka, itawaka hata betri ikiwa sufuri. Zipo za kabureta ambazo CDI inakula betri. Hizo betri ikifa kabisa na kamba imekufa. Na za injekta, zinazopulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta, nyingi zinataka umeme kwanza: pampu ijaze presha, kompyuta iamke. Humo kamba inasaidia betri ikiwa dhaifu tu, yaani taa zinawaka ila stata haizungushi. Ikiwa imekauka, utavuta mpaka giza.

Kwa hiyo dukani usiishie kuuliza "ina kamba?" Uliza: betri ikifa kabisa, ukivuta inawaka? Muuzaji akibabaika, omba kitabu cha mashine.

La pili ni ukubwa. Cc 250 mtu mzima anaivuta. Silinda moja ya cc 500 na kuendelea, mgandamizo unakupokonya kamba mkononi, labda iwe na kifaa cha kuachia upepo. Ndiyo sababu mojawapo kwadi kubwa nyingi za sasa hazina kamba.

Kijana wa Tukuyu
Si mnunue zile pauabanki za kuwashia gari? Inakaa chini ya siti.

Boda wa Makete
Na yenyewe nani anaichaji huko msituni, mkuu? 😂

Fundi Mwanjelwa
Msimcheke, ni nzuri, hasa kwa za injekta. Mwenye uwezo awe na vyote viwili.

Mzee wa Mipaina, Mafinga
Fundi, nimekuelewa. Hii yetu ni kabureta na siku moja iliwaka kwa kamba bila hata taa moja, kumbe ni ya sumaku. Tajiri amepata iliyotumika, cc 300, ina kamba. Nikague nini?

Fundi Mwanjelwa
Vuta kamba taratibu mpaka mwisho uitazame yote, inaliwa pale inapopita tunduni. Ukiachia, irudi yenyewe. Ikizembea springi imechoka au kumejaa tope. Halafu omba uikute injini ya baridi. Muuzaji akiwa kaiwasha kabla hujafika, kaa mnywe chai kwanza ipoe.

Mzee wa Mipaina, Mafinga
Ndaga fijo, fundi. Jumamosi tunaenda kuiona, nitaleta picha.